Alama ya Kumi na Nne

Sisi watu wa Managua hatuna habari na majina ya barabara, wala hatuoni aibu. Ukiulizia nyumba utaambiwa: kutoka palipokuwa sinema, kona mbili kuelekea ziwani, kona moja juu, yaani jua linakochomoza. Sinema ilishabomolewa zamani, lakini atakayepotea ni mgeni tu.

Mwaka huu mimi, mwalimu wa historia, nilitengeneza na wanafunzi wangu ramani ya kwenye simu ya ile riwaya ya marehemu Ulises Tercero, inayousimulia mtaa wetu katika mwaka wa mwisho wa dikteta. Unagusa alama, unasikia kipande cha riwaya kikisomwa, unaona picha ya zamani. Iliyopendwa kuliko zote ni alama ya kumi na nne: nyumba ya mtu aliyewauza vijana saba kwa askari, wakauawa. Watu wa namna hiyo kwetu huitwa masikio. Riwaya haikumtaja jina. Ilisema tu, kutoka palipokuwa duka la dawa la Salvatierra, kona mbili ziwani, nusu kona juu. Nikahesabu, nikaweka alama, nikajiona fundi.

Siku ya tatu mlango wa Bi Tomasa, mshonaji wa miaka themanini, ulikutwa umeandikwa kwa rangi: SIKIO. Siku ya tano jiwe likapita dirishani. Nilikwenda kwake mchana huo.

"Pita, mwalimu. Angalia vioo hivyo visikukate," alisema. "Mdogo wangu Arnoldo alikuwa mmoja wa wale saba. Leo vitoto vyako vinaniita mimi sikio."

"Nisamehe, Bi. Nilihesabu kutoka duka la dawa."

"Lipi? Lile la jirani na kinyozi?"

"Ndiyo."

"Hilo lilifunguliwa baada ya tetemeko, mwanangu! La Tercero ni lile lililoanguka, kona tatu kule chini. Mnajua kubofya tu, kuuliza wakubwa mnaona tabu."

Nikatoa simu nihesabu upya. Akanishika mkono.

"Usihesabu."

"Lazima, Bi. Watakuja kukuua."

"Nitakwenda kwa binti yangu Masaya mpaka wachoke. Nimekwambia usihesabu!"

Kidole kilishafika. Kona mbili ziwani, nusu kona juu: paa la bati la kijani na tangi la maji pembeni. Nyumba yetu. Aliijenga babu yangu Fermín, baba wa mama, aliyenipakata akinifundisha kusoma.

"Ulijua?"

"Miaka yote hii. Mama yako alikuwa na miaka kumi, anakuja hapa nimshonee sare. Hakujua kitu, na mpaka leo hajui. Ningemfanya nini mtoto?"

Niliwaza kuifuta ile alama, basi, yaishe. Lakini nikiifuta, watu watasema mwalimu anamficha Bi Tomasa, na jiwe la pili halitaishia dirishani. Nilisimama kwenye kona ya kinyozi nikaisogeza alama hadi kwenye paa letu la kijani. Chini yake niliandika kwamba kosa ni langu, na kwamba Bi Tomasa ni dada wa mmoja wa waliouawa. Kabla sijairudisha simu mfukoni, watu kumi na wanane walikuwa wameshaigusa.

Nilikimbia. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha kubembea, kama mtaa mzima unavyofanya jioni, akimenya chungwa.

"Mama, ingia ndani."

"Niingie na joto hili? Una nini, mbona unahema hivyo?"

"Ingia tu, mama, nakuomba."

Kule kona vijana watatu walisimama, wakatazama simu, kisha wakatazama paa letu. Mama akawapungia mkono wenye kisu.

"Wanafunzi wako hao," alisema. "Waite waje wapate chungwa."