Ardhi ni Sifuri

Mama alianza kusema kwamba bomba linamuuma wiki ileile vifaranga wake walipototolewa. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza.

Bomba lenyewe liko uani, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, mahali ambapo udongo haukauki. Mama huamka mapema, huvua ndala zisiingie matope, kisha huenda peku kujaza ndoo. Alisema akishika koki, kitu kama siafu kinampanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Siku nyingine alisema si bomba, ni ardhi yenyewe inamng'ata nyayo. Alimweleza kaka yangu kwa simu, na kaka akanipigia mimi kuniuliza kama mama anakula vizuri. Baada ya siku chache aliamua kwamba akili za mama zimeanza kwenda likizo. Jumamosi angekuja na gari amchukue wakaishi pamoja mjini, ghorofa ya tatu, ambako mama asingefuga hata panzi.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, wewe si unasomea umeme? Basi niambie, mimi ni mzima au si mzima?"

Ni kweli nasomea umeme. Nina miaka hamsini na mitatu. Mchana nashona sare za shule, na jioni nne kwa wiki nakaa dawati moja na watu ambao baadhi yao niliwashonea kaptula zao za kwanza. Wananiita Bibi Volti, nami naitika. Muhula wa kwanza nilifeli. Nilimwomba Mungu anifungue kichwa, nikarudia, nikapita. Kwa hiyo kila anachosema mwalimu nakiandika kwa wino. Kwenye ukurasa wa tatu wa daftari langu kuna sentensi niliyoipigia mistari miwili: Ardhi ni sifuri. Maana yake, ukitaka kujua kitu kina umeme kiasi gani, unapima tofauti yake na ardhi, kama vile unavyopima urefu wa mtu kuanzia sakafuni.

Mwalimu aliniazima mita yake ya kupimia umeme, akasisitiza niirudishe ikiwa nzima. Jumatatu, saa yangu ya chakula cha mchana, nilikwenda kwa mama. Niliweka ncha moja ya mita kwenye koki na nyingine kwenye chuma cha ardhi, ule msumari mrefu uliozikwa hatua moja kutoka bombani ili umeme uliopotea njia uteremkie chini. Mita ilisoma sifuri. Nilishika koki kwa mkono mtupu. Hakuna kitu.

Jumanne nilikuja na testa, bisibisi inayowaka taa ikigusa umeme, nayo ikagoma kuwaka. Jumatano nilizima swichi kubwa, nikafungua soketi zote za nyumba moja baada ya nyingine, nikatoa utando wa buibui na mjusi mmoja aliyekaukia humo. Nilipowasha tena, sifuri. Nilirudi kazini nimechelewa, nikashona mfuko wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona ndani nje tena.

Alhamisi alikuja fundi wa kampuni ya umeme. Alitazama nguzo akiwa amevaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini, akasema mambo ni safi. Halafu akamuuliza mama, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto, kama kuna dawa zozote anazotumia. Mama aliingia ndani na kumwacha uani na mabuti yake.

Usiku ule nilipiga magoti nikiwa na hasira, jambo ambalo silipendi. Sikuomba kwa maneno laini. Nilimwambia Mungu kwamba siku zimebaki mbili, kwamba mama yangu anachukuliwa kama mzigo, na nikamwomba anionyeshe mkono uliofanya ubaya huu. Nikasema amina kwa ukali.

Ubaya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuyumba. Alhamisi hiyohiyo, kabla sijaondoka, nilimuuliza mama kama juujuu tu, leo ni siku gani.

Aliweka ndoo chini. "Leo ni Alhamisi. Wewe ni mtoto wangu wa pili. Na umekuja kunipima na mimi."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu aliongeza, akiwa amenipa mgongo, kwamba ninakuja saa ninayopata nafasi mimi, si saa linapouma.

Ijumaa nilifika kabla jua halijatoka. Kulikuwa na baridi, na katika banda la vifaranga taa ilikuwa inawaka ili wasife. Mama huizima jua likishapanda. Alikuwa amesimama kando ya bomba, peku, mikono nyuma.

"Vua viatu, fundi," akasema.

Nilivua. Nilikanyaga matope, nikashika koki, na siafu walipanda hadi kwenye kiwiko.

Niliiachia koki nikacheka, halafu machozi yakanitoka, halafu nikakumbuka mita. Nilikimbia kuiweka: ncha moja kwenye koki, nyingine kwenye chuma cha ardhi. Sifuri. Nilibonyeza, nikatikisa, nikabadilisha betri. Sifuri. Kidole changu kilikuwa bado kinawasha, na kile kidude kinaniambia hakuna kitu. Nilitamani kukirusha juu ya paa, ila ni cha mwalimu.

Vidole vyangu vilikuwa na maji. Ncha ya pili iliniponyoka kutoka kwenye chuma ikachoma udongo karibu na miguu yangu, nami ya kwanza nilikuwa bado nimeishikilia kwenye koki. Mita ikasoma volti kumi na nne.

Nilichuchumaa palepale, nikiangalia. Bomba na chuma cha ardhi vimeunganishwa kwa waya mmoja. Wiki nzima nilikuwa napima urefu wa mtu kuanzia utosini kwake hadi utosini kwake. Chuma nilichokiamini kuwa ni sifuri ndicho kilichokuwa kinabeba umeme, kinaupeleka bombani na kuumwaga kwenye udongo ambao mama anaukanyaga.

Umeme huo ulitoka wapi? Nilimwachia mama mita anisomee namba, nikazima taa ya jikoni, ikabaki kumi na nne. Nikazima friji, kisha redio. Kumi na nne. Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya banda.

"Usiwazimie wanangu," mama akasema.

Nilizima. Sifuri.

Taa ile niliifunga mimi. Muhula ule wa kwanza niliofeli, nikiwa na wiki sita tu za masomo, mama alitaka joto la vifaranga wa siku za mbele, nami nilitaka kumwonyesha. Taa inahitaji waya wa moto unaoleta umeme, na nyuta, yaani waya unaourudisha ulikotoka. Waya wangu wa nyuta ulipungua kama mita tatu. Karibu na banda palipita waya wa ardhi, na darasani tulikuwa tumeambiwa nyuta na ardhi huunganishwa pamoja kule umeme unakotokea. Nikasema basi, ni ndugu, huyu atamshikia mwenzake. Nikafunga. Taa ikawaka, nikapiga magoti bandani na kushukuru. Haikuwashwa tena hadi vifaranga walipototolewa.

Niliomba kuonyeshwa mkono, nao nilikuwa nao tangu Jumatatu, umeshika mita.

Nilimwambia mama yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaamuru vifaranga wahamie kwenye boksi jikoni, na nisirekebishe chochote hadi kesho. Bomba lisiguswe.

Kaka alifika Jumamosi na boksi kubwa la kupakia nguo. Mama alimkaribisha, akampeleka uani, akaniambia niwashe taa ya banda. Kisha akamwambia kaka avue viatu na soksi. Kaka alinitazama kama anayesema, unaona mambo haya? Akavua ili yaishe. Alishika koki, akauvuta mkono, akaunusa.

"Na akili zako zimeenda likizo?" mama akamuuliza.

Kaka alitaka kujua ni fundi gani mpumbavu aliyefanya hivyo. Nilimwambia ni mimi. Alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. Halafu akaacha kucheka, akasema kumbe sababu ya kumhamisha mama bado ipo. Si akili zake, ni fundi wake.

"Fundi wangu nitamvumilia," mama akasema. "Alikuja alfajiri, akavua viatu. Wewe umevua leo."

Kaka akaenda kwenye gari, si kuchukua boksi, bali kunitafutia koleo la kukatia waya.

Nilivuta waya mpya wa nyuta hadi bandani, nikaukata ule wa ardhi kwenye taa, nikawasha. Nilipima kwenye udongo, mahali pa nyayo zake, mara tatu. Mama hakungoja ya nne. Aliivua ndala moja, kisha ya pili, akashika koki kwa kiganja kizima, akaiacha, akaishika tena.

"Lete ndoo," akaniambia.