Tumbusi Wasioalikwa

Mwaka ule wa uchaguzi, watu wakisusiana hata mazishi, Ngwali alialika watu kwenye harusi ya bintiye Mize nyumba hadi nyumba, bila kuuliza nani wa chama gani. Waliokosa mwaliko ni tumbusi wawili tu wa mikokoni. Hao aliwafukuza kwa kugonga debe.

"Ndege wa mizoga juu ya paa la biarusi!" alifoka. "Wakwe wa Mtambile watasema tunazika, hatuozi."

"Waache, Baba Mize," alisema mkewe, Bi Kazija. "Hao ndio wanaotufagilia pwani."

Ngwali akazidisha debe, siku mbili nzima, hadi tumbusi wakahamia ng'ambo ya kijito.

Jumatano wavuvi wa Kojani wakaleta papa wa karamu, wakawapasua pwani na kuacha utumbo kwenye mizizi ya mikoko, kama ada. Siku nyingine usingefika magharibi. Safari hii ukabaki, na Alhamisi ukanuka. Ngwali akautupa baharini. Maji yalipojaa yakamrudishia wote, amana kamili. Akaufukia, kaa wakaufukua. Harusi kesho, na upepo unavuma kuelekea jamvini!

"Nenda kawaalike," alisema Bi Kazija, kicheko kimembana. "Wenzao wote umewapigia hodi."

Ijumaa asubuhi Ngwali, mtu mzima na bakora yake, alisimama chini ya mnazi ng'ambo ya kijito.

"Mabwana," alinong'ona, akitazama huku na huku asije akaonekana, "miye nlikosa. Karibuni."

Akarudi nyuma nyuma, akidondosha vipande vya utumbo njia nzima. Tumbusi wakatazamana, wakamfuata. Kufika mikokoni wakainamisha vichwa, kazi ikaanza.

Alasiri ngoma ikalia barabarani. Wakwe! Debe tu liliwahamisha ndege wale, sembuse ngoma tatu? Ngwali akatoka mbio, kilemba mkononi.

"Nyamazisheni ngoma! Kuna wageni wanakula!"

"Wageni gani hao wanaomtangulia bwana harusi?" aliuliza Bi Mwatum, mama wa bwana harusi.

"Watu wa... mbali. Wepesi wa kususa."

Mwaka ule jibu hilo lilitosha. Mtambile nzima ikaingia kimya kimya, makubadhi mkononi. Bi Mwatum alipofika uani alisimama, akavuta pumzi ndefu puani. Ngwali akafumba macho.

"Pilau hii," alisema Bi Mwatum, "mmeitia iliki kweli kweli."

Ngwali akafumbua jicho moja, akachungulia mikokoni. Hapakubaki hata kipande.

"Haya," akasema, akijifunga kilemba upya, "mwataka ruhusa gani tena? Pigeni ngoma!"