Askari wa Pili

Mji wa Bruun, kule Minnesota, ulikuwa na polisi mmoja na gari moja la doria. Polisi alikuwa amechoka, na gari lilikuwa limechoka, ila gari ndilo lililolalamika.

Fedha za mwaka ule zilitosha jambo moja tu: gari jipya au askari wa pili. Baraza la mji lilipokutana Jumatatu, wajumbe wawili walitaka gari, wawili wakataka askari, ikabaki kura ya Arlys Tveit. Arlys alikuwa bibi wa miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye sauti ya kupita juu ya kelele za watoto sitini, kwa kuwa alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja kabla ya kuingia udiwani.

"Mimi sipigi kura ya kubadilisha gari ambalo sijalipanda," alisema. "Nipeni wiki moja."

"Arlys, ni gari, si mchumba," meya Gordy Ostby alimwambia.

"Mchumba nilimpata kwa siku mbili, Gordy, na uliona mwenyewe yaliyonikuta."

Watu wakacheka, kikao kikaahirishwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Dwight Kessel, mkuu wa polisi asiye na wa kumwamuru, alimfuata nyumbani kwake. Dwight ndiye aliyekuwa ameliomba lile gari jipya, kwa barua ya kurasa nne. Alizunguka kumfungulia mlango, maana upande wa abiria ulifunguka kwa nje tu.

"Samahani, Bi Tveit. Na kipasha joto nacho hakizimiki."

"Afadhali. Magoti yangu yatakushukuru. Na wewe funga mkanda. Ulikuwa hufungi hata ulipokuwa darasa la tatu."

"Basi lako halikuwa na mikanda."

"Ndiyo maana hukufunga. Twende."

Asubuhi ilipita vizuri. Walisimama mbele ya shule mpaka mtoto wa mwisho alipoingia. Waliswaga mtamba aliyekuwa amesimama katikati ya barabara kuu akiwaangalia madereva kama mwenye hati ya barabara. Kisha wakaenda kwa mzee Orrin Bly, aliyepiga simu kusema gazeti lake limeibwa tena. Gazeti lilikuwa mezani, na kahawa ya vikombe vitatu ilikuwa tayari. Hakuna aliyelitaja gazeti.

"Huibiwa mara ngapi?" Arlys aliuliza walipotoka.

"Jumanne na Alhamisi. Tangu mkewe afariki."

Adhuhuri walikuwa wanakula mikate ya mayai ndani ya gari, madirisha wazi kwa ajili ya lile joto, redio ilipoita mara mbili mfululizo. Lori la maziwa limeingia mtaroni mashariki ya mji, dereva amebanwa. Na magharibi, Bi Hedvig Moen ameanguka jikoni na hawezi kuinuka. Wa kujitolea wa gari la wagonjwa walikuwa wameshatumwa kwenye lori. Polisi wa wilaya walikuwa mbali, dakika arobaini.

Dwight hakuwasha injini. Aliushika ufunguo tu, na Arlys akaona uso wake umekuwa kama wa mtoto aliyesahau kituo chake cha kushuka.

"Siku nyingine unafanyaje?" alimuuliza.

"Nachagua," Dwight alisema. "Halafu jioni nakwenda kwa yule ambaye sikumchagua, namwomba radhi."

"Leo huchagui. Nishushe kwa Hedvig, wewe nenda kwenye lori."

Gari liligoma mara mbili, la tatu likawaka. Dwight alimshusha Arlys mbele ya lango, akazunguka kumfungulia, akaondoka na king'ora. Arlys alimkuta Hedvig sakafuni, kifundo cha mguu kimevimba, amezungukwa na vipande vya sahani.

"Nimeomba polisi, wamenileta diwani," Hedvig alisema.

"Ndicho kilichokuwapo. Usiinuke."

Alimwekea mto, akamfunika blanketi, wakakaa pale sakafuni wakisengenya watu mpaka gari la wagonjwa lilipofika kutoka kule mashariki. Dereva wa lori alikuwa salama, amevunjika mkono tu.

Dwight alipokuja kumchukua, wakiwa njiani kurudi, Arlys aliuliza, "Likizo yako ya mwisho ilikuwa lini?"

"Harusi ya dada yangu."

"Dada yako ana watoto wawili, Dwight."

Dwight alisimamisha gari kwenye taa za barabarani karibu na benki. "Gari likiharibika, ni gari limeharibika," alisema. "Nikiomba mtu, watasema Kessel ameshindwa."

"Na ulipoandika kurasa nne, ulidhani unaficha nini?"

Jumatatu Arlys aliinua mkono kwa ajili ya askari. Alieleza juu ya Hedvig na lile lori, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba mlango na kipasha joto cha gari lile ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Yeye ameendesha mabasi mabovu kuliko hilo na hakumwacha mtoto njiani. Dwight, aliyeketi nyuma, alitoka bila kuaga. Wiki mbili nzima alimsalimia kwa kugusa kofia tu.

Askari mpya alifika Januari, msichana aitwaye Pakou Vang kutoka Saint Paul. Wiki ya kwanza alimdokezea mzee Orrin kwamba anajua gazeti liko wapi, kisha akaomba kikombe cha pili.

Jumamosi ya kwanza ya Dwight ya mapumziko, simu ililia kwa Arlys kabla ya saa sita. Alikuwa Renata, mkewe Dwight.

"Bi Tveit, nimfanyeje huyu mwanamume? Amelala mpaka saa nne nikampima homa. Sasa amepanga sufuria zangu kwa ukubwa."

"Ukubwa kutoka wapi kwenda wapi?"

"Ndogo mbele."

"Basi mwache," Arlys alisema. "Amepanga vizuri."