Baraka ya Laini Mpya

Metito alikuwa ameuza mitamba yake akanunua hisa katika kampuni ndogo ya intaneti ya Kitengela, na hakuna aliyeweza kumwambia amekosea. Maploti ya nyumba za kupanga yalikuwa yanajaa kila upande, na kila mpangaji aliulizia faiba, intaneti ya waya, kabla hata ya maji. Siku wenye hisa walipokutana katika hoteli moja mjini Kajiado, mkurugenzi Wakhungu, mtu wa maneno laini, alitangaza kwamba wateja wameongezeka maradufu. Watu wakapiga makofi.

Metito hakupiga. Binti yake Naipanoi alikuwa akifanyia kazi nyumbani, akiwaandikia watu wa ng'ambo mazungumzo yao yaliyorekodiwa. Faiba ya babake ilikuwa haijafika mtaani kwake, kwa hivyo alitumia ya kampuni nyingine. Mwezi uliopita nyaya za kampuni hiyo zilikatwa, akakaa wiki nzima bila mtandao, na kazi ikapewa mwingine.

Nyama ilipoletwa, Metito alimuuliza Wakhungu wateja hao wapya wametoka wapi. Wakhungu akamsogelea, bado anatafuna ubavu.

"Mzee, tulisaidia tu kidogo. Kuna vijana tulituma na panga, nyaya za wale wengine zikalala. Mtu akikosa net, si atakuja kwetu?"

Akacheka, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akampiga Metito begani kama mshirika wake. Na mshirika kweli ndivyo alivyokuwa. Metito akaisukuma sahani. Yaani mitamba yake ndiyo iliyonunua panga la kumkatia mwanawe riziki, na bado alitarajiwa kula ashibe! Watu hawa hawakuwa na haya hata ya kunong'ona.

Wakhungu, aliyependa kuonekana anazijua desturi za Wamaasai, akamwomba aibariki laini mpya ya faiba ya kwenda Isinya. Utaratibu ulijulikana: mzee anatamka, wengine wanamwita Mungu kwa kuitikia "Naai." Vichwa vikainama.

Metito akasimama. Akaombea watoto, akaombea mvua na mifugo, nao wakaitikia kwa pamoja. Sauti yake haikubadilika.

"Aliyetuma panga likate nyaya za watu, mkono wake ukauke."

"Naai," wakaitikia.

"Na anayekula faida yake, mimi nikiwa wa kwanza, imkwame."

"Naai," wakaitikia wote, Wakhungu kwa sauti kubwa kuliko wengine, mdomo bado umejaa nyama.