Sahani Iliyotoka Ndani ya Ihramu

"Mama Munir, sahani huipigi, gramafoni huna, sasa hiyo unamwekea nani?"

Aliyeuliza ni Jaya, jirani wa ukuta mmoja, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake hakikuingia kutu kwa baridi yote ya Edmonton, kaskazini mwa London. Alikuja kuleta bakuli la kachori, akamkuta Bi Hayat anafuta vumbi juu ya kabati, na sahani iko pale pale ilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Bi Hayat aliendelea kufuta. Sahani ile ilitoka ndani ya ihramu. Marehemu mumewe, Soud, aliporudi hija alizikunja zile shuka zake mbili nyeupe, akausia kuwa ndizo zitakuwa sanda yake. Siku aliyoanguka kazini kule ghalani, mwaka wa tisini na tisa, wanaume wa msikitini walikuja kuzitaka. Bi Hayat alipozikunjua ikamtokea sahani nyeusi, nzito, haina hata karatasi ya jina katikati. Akaisukumiza chini ya mto, akatoa sanda, na tangu hapo hakumruhusu mtu kuigusa. Mwanawe Munir alikwishamwambia, "Mum, nipe niipeleke dukani, waitie kwenye CD, that's it." Akamkatalia. Hakutaka wageni wasikie asilolisikia yeye.

Maana Soud hakuwa mtu wa ghalani tu. Alikuwa Mpemba wa Wete, sauti yake kainolea kwenye maulidi tangu utotoni, na pumzi za kumaliza ubeti bila kumeza mate alikuwa nazo. Mwaka wa tisini, kwenye ukumbi mmoja wa mtaani, alimwomba maiki Gervais, mtu wa Saint Lucia mwenye spika ndefu kama makabati na kundi lake la kupigia muziki, saundi kama wanavyosema wao, akiiita Gervais Thunder. Kwa watu wa rege, anayegeuza sahani ni selekta. Diijei ni yule anayeghani juu ya mdundo. Soud akaghani kwa Kiswahili. Watu wakatazamana, huyu anasema nini? Kisha ukumbi ukaruka. Edmonton ilikuwa haijapata kusikia kitu kile, na kwa miaka sita kila Jumamosi ilitaka kukisikia tena.

Bi Hayat dansani hakukanyaga hata siku moja. Alimnung'unikia mumewe, na huku shati anampigia pasi. Lakini mashairi yote yalianzia jikoni kwake. "Nipigie kifuniko, mke wangu," Soud angesema, naye Bi Hayat angegonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, na maharage yangeungua, na wangecheka. Hapo hapo jikoni ndipo Soud alipomfunza sheria za kazi yake. Kwamba sahani za mashindano, zinazotolewa moja moja kwa ajili ya saundi fulani, ni laini, kila ikipigwa, sindano inaila kidogo. Na kwamba saundi iliyotajwa jina ndani ya sahani ndiyo mwenye sahani hiyo. Hata aliyeghani hawezi kuidai.

Ila yalikuwapo na mashairi asiyoyaleta jikoni, ya kutukana saundi za watu, na wazazi wao wakitiwa humo humo. Bi Hayat alijua yapo. Na hilo ndilo lililomkalia kifuani. Kila baada ya sala alimwombea mumewe maghufira ya ulimi. Sasa vipi aje asikie kwa masikio yake kwamba sauti iliyobaki duniani ni ya matusi? Tena matusi yaliyolala ndani ya ihramu?

Kwani Soud na Gervais waliachana vibaya. Soud alirudi hija ya mwaka wa tisini na sita akaweka maiki chini, na shindano kubwa la kusini mwa London liko wiki ile ile. Gervais akashindwa mbele za watu. "Umeniua kwa kunyamaza," alimwambia Soud, na hawakusemezana tena.

"Kama hujui kilichomo, si uulize ajuaye?" Jaya akaendelea. "Yule mzee anayewatilia watu betri za saa pale sokoni, si ndiye Gervais wenu?"

"Hata mazikoni hakuja."

"Ulimwita?"

Bi Hayat akafuta mahali alipokwisha kufuta.

"Basi vizuri. Wewe unamngoja yeye, yeye anakungoja wewe, sahani inawangoja nyote. Mimi nitakufa kwa uzee hapa katikati."

Mwishowe Bi Hayat akamtuma Jaya sokoni amwite Gervais aje na gramafoni. Alhamisi, baada ya Alasiri, Gervais akabisha hodi, kakumbatia gramafoni yake. Bi Hayat alikwishamwita Jaya akae kitini na ufumaji wake, maana mjane hakai chumbani na mwanamume peke yake. Gervais alikuwa kazeeka, kofia mkononi.

"Sista Hayat," alisema kwa Kiingereza cha kwao. "Kama amenitukana, nieleze vile vile. Usinipakie sukari."

Kumbe na yeye anaogopa. Bi Hayat akampa sahani. Gervais akaishika kwa kingo, akaielekeza dirishani.

"Haijapigwa hata mara moja," akasema, akashusha sindano.

Mdundo ukaja kwanza, mzito, glasi zikatetemeka kabatini. Kisha Soud, kana kwamba yuko hapo mlangoni anavua viatu:

*Hodi hodi, wenye nyumba fungueni,*
*Gervais Thunder yuko mlangoni.*
*Mie nimeketi, msiniulizeni,*
*Aliyenishika mkono simwachi njiani.*

Hakuna tusi hata moja. Kidole cha Bi Hayat kikawa kinagonga meza chenyewe. Alhamdulillahi, akasema moyoni, Alhamdulillahi, na machozi yanamtiririka mpaka sindano ikafika mwisho.

"Jina langu nimelisikia," Gervais alisema polepole. "Mengine?"

Bi Hayat akamtafsiria neno kwa neno. Alipofika kwenye mkono ulioshikwa, Gervais akageuka akatazama ukuta. Jaya akaacha kufuma.

Wala Gervais hakuiomba ile sahani. Bi Hayat alimwangalia vizuri: hata mkono hakuunyoosha. Lakini sheria ya jikoni aliikumbuka, na ya Mola wake aliijua zaidi. Kitu kikishajulikana mwenyewe ni nani, hakiwi tena ukumbusho, ni amana. Akaiinua, akaizungushia khanga yake moja safi, akamwekea mikononi.

"Kakutaja wewe. Ni yako."

"Sista, hapana. Hii ndiyo sauti yake. Wewe utabaki na nini?"

"Mie nilimsikia jikoni kabla yenu nyote," Bi Hayat alisema. "Chukua. Hizo ni salamu, na salamu hazirudishwi mlangoni."

Gervais akaikumbatia sahani pamoja na khanga yake, akavaa kofia. Gramafoni ilikuwa bado inazunguka mezani, tupu.

"Mzee!" Jaya akaita. "Mashine yako!"

Gervais hakugeuka. Alipunga mkono kuwa ibaki pale pale, akafungua mlango, akatoka.