Nywele za Ngigi

Walinivua viatu langoni, na tangu hapo sikupata raha. Mimi ni mtu wa viatu. Nina duka la dawa za mifugo pale Njoro, na kutoka saa moja asubuhi hadi jioni niko wima, huku napima dawa ya kupe, huku nabishana na mkulima anayetaka kumpa ng'ombe dawa ya kuku. Sasa nilikuwa miguu mitupu kwenye sakafu ya vigae huko Vietnam, mbele ya mnara wa orofa saba, na bibi mmoja wa jikoni ananionyesha kwa mkono kwamba nikae. Nikae! Nilikuwa nimekaa kwenye ndege tatu na basi moja kwa siku mbili. Sikuja kukaa. Nilikuja kumchukua ndugu yangu Ngigi.

Baba yetu, Mzee Kiarie, alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru. Sukari ilimwanzia kwa kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, tukakiosha na kukifunga mwaka mzima, lakini weusi ukapanda mpaka kisigino. Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti wiki hiyo hiyo, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na hapo hatutakuwa tunaongea mambo ya mguu tena. Baba akakataa. Tulimbembeleza, pasta akaja, akakataa.

"Sikatwi mpaka baba awepo," alisema.

Huyo "baba" ni Ngigi. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na Ngigi alipewa jina la baba yake Baba. Kwa hiyo tangu akiwa kwenye nepi Baba anamwita "baba", na kumsikiliza kama anayemwogopa kidogo. Mimi ni Wanjugu, kifungua mimba, na ndiye niliyekuwa nikiosha kile kidonda. Lakini mimi siye baba. Hilo nililimeza kwa shida, na sidhani nilikuwa nimemaliza kulimeza nilipofika pale.

Kuhusu Ngigi, simu hakuwa nayo. Barua pepe ya mwisho ilisema ameingia kipindi cha mvua, miezi mitatu ambayo watawa hawatoki nje ya ua wa pagoda, hekalu lao la Kibudha. Nilimjibu mara nne. Mara ya tano nikakata tiketi.

Bibi wa jikoni aliniletea chai. Kijana mmoja mtalii aliyejua Kiingereza akanitafsiria: ndugu yangu yuko ukumbini na wenzake, watatoka baada ya chakula cha mchana. Wakati huo ilikuwa saa tatu na nusu.

Basi nikatembea. Ile pagoda, kusema ukweli, ni nzuri. Ni ya matofali yaliyofifia rangi, orofa moja juu ya nyingine, kila moja ndogo kuliko ya chini yake, na iko juu ya kilima kidogo ambacho mto umekizunguka pande mbili. Wanasema imesimama hapo zaidi ya miaka mia tatu. Mto wenyewe ni mpana, wa kijani, hauna haraka na mtu. Kulikuwa na miti ya maua meupe yanayoanguka mazima, na kengele kubwa ambayo ililia mara moja halafu watu wote wakanyamaza kuisikiliza ikiisha. Wageni walikuwa wakinong'ona na kufumba macho. Utulivu ule ulinikera hadi kwenye meno. Nilitaka mtu apige kelele, hata mbwa.

Nikauzunguka mnara. Nikauzunguka tena. Raundi ya tatu ajuza mmoja akanishika mabega, akanigeuza taratibu upande wa pili, kumbe kuna upande wa kuzungukia. Nikaendelea upande wake, mbio mbio, natazama saa. Raundi ya kumi hivi nikaona watu wananipisha kwa heshima, viganja vimekutana kifuani. Wanawake wawili wakanifuata nyuma. Walidhani nasali. Mwanamke mweusi ametoka mbali kiasi hicho kuja kusali, nao wakaona haya kunipita. Nilicheka peke yangu, halafu karibu nilie, kwa sababu Nakuru saa ilikuwa inakwenda vilevile.

Ngigi alitoka saa saba kasoro.

Sikumjua. Nilitafuta nywele. Ndugu yangu alikuwa na nywele ambazo Mama alisema zimevunja vitana vyote vya soko la Njoro. Mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa amevaa joho la kahawia, amekonda, na kichwa chake kimenyolewa hadi kinang'aa. Masikio ndiyo yaliyomtambulisha.

"Wanjugu," alisema. Akakaa chini kwenye ngazi, akanipapasia nafasi kando yake.

"Sikai. Baba anataka kufa na wewe uko hapa unasikiliza kengele."

Nikamweleza yote, nimesimama, kwa Kikuyu chetu na kwa sauti ambayo naamini haijawahi kusikika pale. Mguu, weusi, daktari, wiki. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama mto.

"Ni kipindi cha mvua," akasema polepole. "Hatutoki."

"Mvua gani? Jua linachoma!"

"Ni kanuni, Wanjugu."

Sitaandika nilichomwambia kuhusu kanuni. Kilitosha kumtoa mzee mkuu wa pagoda kwenye chumba chake. Alikuwa mtu mfupi, mzee sana, na alikuja bila haraka akauliza kitu. Ngigi akamjibu huku ameinamisha kichwa. Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema maneno machache, akangoja. Ngigi hakutafsiri.

"Amesema nini?"

Ngigi akatazama vidole vyake vya mguu.

"Ngigi! Amesema nini?"

"Amesema siku saba." Alisema kama anayeng'olewa jino. "Mzazi akiwa mgonjwa, mtawa anaruhusiwa kutoka siku saba. Ni kanuni ya zamani, imekuwepo tangu mwanzo."

"Na wewe ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

Hapo ndipo nilipokaa. Mzee mkuu aliona kazi yake imekwisha, akarudi alikotoka.

"Barua zangu zilifika?"

"Zilifika zote. Huzisoma kwenye kompyuta ya ofisi." Alikuwa anasugua kichwa kwa kiganja, mbele nyuma, mbele nyuma. "Wanjugu, unajua nilifikaje hapa?"

Nilijua alikuja Vietnam kusomea kilimo cha mpunga. Nilijua Mama alikufa mwaka ule wa korona, mipaka imefungwa, na Ngigi akatazama mazishi kwa simu, picha ikikatikakatika. Yaliyofuata sikuyajua.

Katika nyumba yetu bado tunanyoa. Kanisa linanung'unika, lakini kwetu ukizika mzazi, kesho yake watu wa nyumba wananyolewa kichwa kizima. Na hujinyoi mwenyewe, hata iweje. Lazima mkono wa mtu mwingine. Mimi nilinyolewa na shangazi, Baba akanyolewa na mimi.

"Nilikuwa chumbani peke yangu," Ngigi alisema. "Wembe ninao, mtu wa kuninyoa sina. Vinyozi wote wamefunga kwa sababu ya korona. Nikatembea kando ya mto tu, natembea. Nikafika hapa nikakuta watawa wamepanga foleni uani, mmoja ananyoa wenzake. Nikaingia kwenye foleni."

"Ukaingia kwenye foleni?"

"Nikafika mbele nikakaa. Yule mzee mkuu ndiye alikuwa anashika wembe. Hakuuliza kitu. Mimi nilidhani nimepata kinyozi. Wao walidhani wamepata mtawa." Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Wakanipa uji na mkeka. Kesho yake sikuwa na pa kwenda. Na hapa hunyoa mara mbili kwa mwezi. Kila zikianza kutoka, mzee ananinyoa tena."

"Miaka sita, Ngigi."

"Nikija nyumbani nitaona kiti cha Mama kitupu. Hapa bado kuna mtu ananinyoa, naona kama bado tuko kwenye kumzika. Naogopa kuja. Ndiyo hiyo tu, sina kanuni nyingine."

Ningeweza kumpiga kofi, na ningeweza kumkumbatia. Nilichofanya ni kutoa simu. Nyumbani ilikuwa saa tatu asubuhi na ushee, binti yangu Lynn yuko kando ya kitanda cha Baba, ambaye yeye humwita guka, yaani babu. Akashika simu mara moja.

"Mum, guka amekataa hata kuongea na dakitari. Amegeukia ukuta. Ati analala."

"Mwambie baba yake yuko kwenye simu."

Nikamsukumia Ngigi simu usoni kabla hajajiandaa. Picha ikatikisika, dari, pazia, halafu uso wa Baba, mdogo kuliko nilivyouacha. Alisogeza macho karibu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Baba," Ngigi alisema. "Ni mimi."

"Naona ni wewe. Nauliza umenyolea nani. Lynn, mimi nimekufa?"

"La, guka!"

"Kwa sababu huyu ameninyolea. Na mimi asubuhi nimekunywa uji."

"Si wewe, Baba. Ni Mama." Sauti ya Ngigi ilipasuka hapo. "Sikuwepo. Nilinyolewa huku, peke yangu."

Nilisikia toroli likipita wodini.

"Mama yako tulimnyolea," Baba akasema. "Tulinyoa Jumapili. Mwezi uliofuata zikaanza kuota, zangu zikaota nyeupe, tukapanda ngano. Hivyo ndivyo inavyokuwa, baba. Unanyoa siku moja, halafu unaziacha ziote. Zako zilikataa?"

Ngigi alikuwa amefunika kichwa kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka bila kuyafuta, na wale wanawake waliokuwa wakinifuata kwenye raundi zangu walikuwa wamesimama kando wakitazama bila kuelewa.

"Sikuiti uache kazi yako ya huko," Baba akaendelea. "Kama ni kazi ya Mungu, mimi siijui. Lakini naogopa, baba. Naogopa kile kisu. Watu wote hapa wanafikiri mimi ni mkaidi."

Mimi ndiye niliyefikiri hivyo. Mwaka mzima nimeushika ule mguu mapajani mwangu, asubuhi na jioni, na hakuwahi kuniambia anaogopa. Iliniuma, sifichi. Iliniuma zaidi kwamba sikuwahi kumwuliza.

"Nakuja, Baba," Ngigi alisema. "Nina siku saba. Njia itakula nne. Zinabaki tatu."

"Tatu zinatosha. Lynn, mwite daktari. Mwambie Alhamisi."

Ngigi hakuwa na cha kufunga. Alikwenda kuaga, akarudi na mfuko mmoja wa kitambaa, pasipoti na ndala. Mzee mkuu alitusindikiza hadi langoni. Alimpapasa Ngigi kichwani, akasema kitu kifupi. Sikuomba tafsiri. Nikavaa viatu vyangu.

Mashua ya kutuvusha ilikuwa na injini ndogo ya kukohoa, na sisi tulikuwa abiria peke yetu. Nilitaka iende mbio. Nilikuwa nahesabu: basi, uwanja wa ndege, Bangkok, Addis, Nairobi, Naivasha, Gilgil. Nilisimama mara mbili, mwenye mashua akanikemea mara mbili.

"Nani humwosha Baba kidonda?" Ngigi akauliza.

"Mimi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Tangu kilipoanza?"

"Ngigi, nani mwingine yuko?"

Akapiga magoti kwenye ubao mbele yangu. "Akishakatwa kutakuwa na kidonda kingine. Nionyeshe, nikifika nifanye mimi."

Nikamwambia mambo hayo hayaonyeshwi kwenye mashua. Hakusikia. Alikuwa ameshanivua kiatu cha kulia, akakunja suruali yangu hadi gotini, akauweka mguu wangu pajani mwake. Nikampa mtandio wangu uwe bendeji. Nikamfundisha: unaanzia chini unapanda, unalaza nusu juu ya nusu, huvuti penye mfupa, na unamtazama usoni wakati unafunga kwa sababu hatakwambia kama anaumia. Alifunga vibaya, akafungua, akafunga tena.

Hakuna mtu aliyewahi kuushika mguu wangu hivyo tangu nikiwa mtoto. Nililia wazi wazi, mbele ya mwenye mashua, na kwa mara ya kwanza tangu Njoro sikutaka kwenda popote. Ngigi aliinua macho kunitazama, kama nilivyomfundisha.

"Nimekaza sana?"

"Kidogo," nikamwambia. "Legeza. Anza tena."