Kamshafti Mbili za Gari Jekundu

Kwa miezi saba watu wa nyumba hii walikuwa wakila na sahani mapajani, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa imekaliwa na injini. Afadhali ingekuwa nzima. Kichwa cha injini kilikuwa katikati, valvu zimepangwa kwenye trei ya mayai, kila moja na namba yake, na pembeni, pale ilipokuwa ikikaa chupa ya maji, kulikuwa na majalada manne ya kijani.

Mwenye injini alikuwa karani wa masjala hadi alipostaafu, na kichwani hakuwahi kustaafu. Kila kamshafti aliyoiona kwenye katalogi aliifungulia jalada. Kamshafti ni kile chuma kirefu chenye vinundu kinachofungua na kufunga valvu. Injini ya gari lake, gari dogo jekundu la spoti walilolinunua yeye na mkewe ujanani, ilitaka mbili, na zile za zamani zilikuwa zimelika hazifai tena. Basi zinunuliwe nyingine, yaishe. Hayakuisha.

"Kamshafti tulivu inavuta tangu chini, haikusumbui mjini," alikuwa akisema kila asubuhi kabla chai haijapoa. "Lakini ile kali, mke wangu, ikishachanganya huko juu..."

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameyasikia hayo hadi masikio yakaota sugu. Angeyavumilia mwaka mzima kama si dada yake. Dada huyo, mkubwa wake aliyemlea tangu utotoni, aliishi mbali, mwendo wa siku nzima, na kisukari kilikuwa kinamla macho. La kushoto lilishafunga, la kulia lilibaki na mwanga wa kuokoteza. "Njooni na lile jekundu," alikuwa akisema kwenye simu tangu mwaka unaanza. "Nilione, na ninyi niwaone." Mume akaapa kwamba watakwenda kwa gari hilo na si kwa kingine.

Siku moja uzalendo ukamshinda mke. Akaweka mkasi chini.

"Mteja akiniletea kitambaa, kwanza namuuliza nguo ataivaa wapi. Hili gari litakwenda wapi?"

"Barabara kuu. Kwa kasi."

"Kasi ya nani? Siku ya harusi yetu tulipitwa na trekta."

Mume akakuna kidevu. "Lile trekta lilikuwa halina mzigo."

"Litakwenda kwa dada, litarudi, kisha litakuwa la kwenda sokoni. Agiza tulivu."

"Haya," akasema, akaingia chumbani kuandika oda. Mke akampigia dada yake simu hapo hapo, akamwambia avumilie kidogo tu.

Kifurushi kilifika siku ya kumi na tatu. Mume alikifungua kwa kisu cha mkate, polepole, akatoa vyuma viwili vinavyong'aa kwa mafuta. Jicho la mke limezoea kupima pindo, halikuhitaji rula. Vinundu vya kimoja vilikuwa vimeinuka na kunenepa kuliko vya kingine.

"Hizi hazifanani."

"Hazifanani," mume akakubali, uso umemkunjuka kwa furaha. "Nimeagiza tulivu moja, kali moja. Sampuli. Mtu hawezi kuamua kwa karatasi tupu, lazima azishike mkononi. Nikishaamua, naagiza mwenzake."

Mke akakaa. Hasira ilimpanda hadi akaona aibu kwa mambo aliyotaka kuyasema. Miezi saba, na sasa walikuwa na kamshafti mbili na bado hawana jozi.

"Umeshaamua?"

"Nakaribia. Kali inataka springi ngumu, la sivyo valvu zitagonga pistoni. Nimeifungulia jalada."

Jana yake dada alikuwa amesema, kwa kucheka, kwamba amemimina chai mezani akidhani kikombe kipo. Mke hakuwa amemwambia mumewe. Sasa akamwambia.

Mume akawa anaifuta ile kali kwa kitambaa. "Wiki tatu tu," akasema. "Na mlio wake, mke wangu. Akiusikia tangu mwisho wa barabara atatoka mbio."

"Mlio atausikia hata akiwa kipofu. Mimi nataka anione uso."

Akaenda chumbani, akavuta begi chini ya kitanda, akatoka mara moja kwenda kituo cha mabasi na kurudi, akaanza kukunja nguo. Mume akaja kusimama mlangoni na kamshafti moja kila mkono, mafuta yakidondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile.

"Unakwenda na nini?"

"Basi. Kesho saa moja asubuhi."

"Umekata tiketi ngapi?"

"Moja."

Mke akasubiri aambiwe akakate ya pili. Alisubiri kweli, gauni mkononi, muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kituo kilikuwa bado wazi, na nafasi zilikuwepo. Mume akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto.

"Ukifika," akasema, "muulize shemeji angependa ipi."